Kipimo cha Koko

Wiki iliyopita kijana anayefanya kazi katika chumba nilichofanyia kazi miaka thelathini na moja alikuja kunisalimia. Akafungua simu akanionyesha picha ya uti wa mgongo wa mama mmoja, akiwa ameficha jina. Pingili mbili zilikuwa zimebonyea upande wa mbele kama mkate uliokaliwa. Nikamwuliza ripoti imeandikwa nini. Akasema, "Mabadiliko ya uzee, Mama. Hakuna kingine." Nilimrudishia simu yake. Chai nilichelewa kumpa mpaka hasira iliponipungua, na kosa wala halikuwa lake peke yake.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi nyote mnaosomea kazi hii. Uzee hauvunji pingili. Mngekuwa mmeandika "amezeeka" juu ya picha ya mapafu yenye kifua kikuu, mngefukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Kwa nini mfupa unaonewa?

Mimi nilipiga radio. Ndivyo tunavyosema hapa Goma, kupiga radio, yaani kupiga picha ya eksirei, na mtaani mpaka leo naitwa Mama Radio ingawa funguo za chumba kile nilizirudisha zamani. Sikuwa daktari. Kazi yangu ilikuwa kumlaza mtu, kumwambia ashike pumzi, kubonyeza, na kutoa picha ambayo daktari ataisoma. Lakini nimeona mifupa mingi ya mji huu na ya milima inayotuzunguka, na kuna jambo moja nililifanya vibaya kwa karibu miaka ishirini. Nililifanya kwa ustadi, na nilisifiwa kwa kulifanya. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Aliyenifundisha alikuwa Muzee Kambale, mtu mfupi mwenye vidole vya njano kwa sababu ya dawa za chumba cha giza. Filamu tuliziosha kwa mikono ndani ya mabeseni, kisha tukazianika kwenye kamba kama nguo za watoto. Umeme ukikatika katikati, mgonjwa alirudi kesho yake. Muzee Kambale alikuwa na sheria ambayo hakutaka ivunjwe: pembeni mwa kila bahasha, andika kwa penseli kilovolti ulizotumia. Wino ukilowa unayeyuka, alisema, penseli haiyeyuki. Kilovolti ni nguvu ya mionzi. Ukizipandisha, mionzi inapenya sana na filamu inatoka nyeusi. Ukizishusha, mfupa unatoka mweupe. Nilidhani sheria ile ni ukaidi wa mzee tu. Siku moja iliniokoa, au tuseme ilinishtaki.

Watu walipenda picha nzuri. Papa mmoja, ndivyo tunavyomwita baba mtu mzima, kutoka Masisi alikuja kupigwa radio ya kifua akiwa amevaa koti na tai, akaomba kitana kwanza. Nilipomwambia avue shati akaniuliza, sasa watu watamjuaje. Nilipompa filamu aliiinua dirishani, akaiangalia muda mrefu, akasema kwa huzuni kwamba kumbe hata hakutabasamu. Tulicheka wiki nzima. Lakini madaktari wetu hawakuwa tofauti sana na papa yule. Nao walitaka mfupa uonekane maridadi.

Tulikuwa na daktari mmoja wa upasuaji mwenye sauti kubwa. Filamu za akina mama wazee zilikuwa zinatoka na giza, mifupa kama moshi. Yeye alizirudisha mlangoni: imeungua hii, rudia. Na filamu zilikuwa adimu. Basi tukapata njia. Kila mama mwenye mvi aliyeingia, tulishusha kilovolti sita kabla hata ya kumlaza. Mfupa ukatoka mweupe, daktari akafurahi, filamu haikurudiwa. Tukaliandika jambo hilo kwenye daftari la vipimo lililoning'inia karibu na mashine. Mkono, mtu mzima: hamsini na mbili. Mkono, koko: arobaini na sita. Koko ni bibi, kama mnavyomwita bibi yenu nyumbani. Kila mgeni wa kazi alifundishwa kipimo cha koko wiki yake ya kwanza, na mimi mwenyewe niliwafundisha wengi.

Fikirini vizuri tulichokuwa tunafanya. Mfupa uliojaa unazuia mionzi, ndiyo maana unatoka mweupe. Mfupa uliopungua madini unaiachia ipite, ndiyo maana unatoka na giza. Giza lile ndilo lilikuwa ugonjwa wenyewe. Lilikuwa linatuambia kitu, sisi tukageuza kitasa cha mashine mpaka likanyamaza. Na msiseme hatukujua. Tungekuwa hatujui, tusingekuwa na mstari wa koko kwenye daftari. Daftari lilijua kwamba mifupa ya mama hawa imepungua, kila mmoja wetu alilisoma kila asubuhi, na hakuna ripoti hata moja iliyosema hivyo.

Muzee Kambale peke yake alijaribu. Siku moja alikuja na kingazi kidogo cha aluminiamu, alichochongewa na mafundi wanaoyeyusha vyombo chakavu kutengeneza sufuria. Kilikuwa na vidato vinane, cha kwanza chembamba, cha mwisho kinene kama kidole. Alikiweka juu ya filamu, kando ya mkono wa mgonjwa, akapiga vyote pamoja. Ukipandisha kilovolti au ukishusha, mfupa na kingazi vinabadilika pamoja; huwezi kupendelea kimoja. Ukilinganisha mfupa na vidato, unajua unene wake wa kweli. Mkubwa wetu wa wakati ule alisema kitu hicho kinakula nafasi ya filamu. Muzee alistaafu, kingazi kikabaki ndani ya droo yangu, chini ya kamba na mikasi. Nikaendelea na kipimo cha koko.

Sasa niwaambie habari za Mama Zaina.

Alikuwa mjane wa miaka kama sitini na mbili, wa familia ya Kiislamu iliyotoka Maniema enzi za babu zake. Maisha yake yote alifanya biashara ya mafuta ya mawese. Aliishi na mwanawe Ramazani, dereva wa basi dogo la njia ya Kiwanja, na mke wa Ramazani aliyeitwa Sifa. Sifa alikuwa mtoto wa wafugaji wa Kikristo kutoka milima ya Masisi. Alisilimu alipoolewa, lakini dada mkubwa wa Ramazani, Mwamini, muuza vitenge mwenye ulimi mkali, hakumkubali hata siku moja. Ramazani alikuwa barabarani siku nne kwa wiki. Nyumbani alibaki Sifa na mama mkwe na watoto wawili: Asha wa miaka sita, na Issa aliyekuwa ameachishwa ziwa juzi tu.

Mara ya kwanza Mama Zaina aliletwa kwangu na kifundo cha mkono kilichovunjika. Aliteleza uani, kwenye mawe yetu meusi yaliyolowa mvua, akajizuia kwa kiganja. Nikatumia kipimo cha koko. Mfupa mweupe, mstari wa mvunjiko safi, daktari akaandika kwamba mifupa mingine ni mizima, na mama akafungiwa plasta.

Mara ya pili, miezi michache baadaye, mbavu mbili. Daktari aliuliza imekuwaje. Sifa ndiye aliyemleta, na Sifa hakujua kusema uongo. Alieleza kwamba alikuwa anamwogesha, akamkumbatia kifuani ili amsimamishe kutoka kwenye beseni, wakasikia kitu kama kijiti kikikatika. Mwamini alikuwa amesimama pale pale. Aliyasikia maneno hayo, na kuanzia hapo hakusikia mengine.

Mara ya tatu mgongo. Mama Zaina aliinua bidoni ya maji, dumu dogo la lita tano, akakaa chini palepale na hakuweza kunyanyuka. Tulipiga picha moja tu, ya mbele, kwa sababu ya ule ule uchache wa filamu. Pingili iliyobonyea haionekani vizuri kwa mbele; unaiona kwa ubavu. Hilo nalo nalijua na nililijua siku ile.

Kesho yake Mwamini alikuja peke yake na bahasha zote tatu chini ya kwapa. Alikaa bila kukaribishwa.

"Mama Radio, sikia. Mukono, mbavu, mugongo. Mwaka moja. Mama yangu alibeba madumu ya mawese miaka makumi tatu, hakuvunjika hata kidole. Niambie neno moja tu: hii mifupa iko muzuri ao haiko muzuri?"

Niliziinua filamu kwenye mwanga. Nyeupe, safi, kazi ya mikono yangu. Nikasema kwa kiburi cha fundi, "Kwa picha hizi mifupa ni mizuri. Mfupa kama huu hauvunjiki bure."

"Basi," akasema. "Ndiyo hiyo nilitaka."

Wanangu, sikumwuliza alikuwa anaitakia nini. Niliendelea na kazi. Kumbe sentensi yangu ilienda kwenye kikao cha familia ikiwa imevaa joho la hospitali: mpiga radio amesema mifupa ni mizima, kwa hiyo kuna mtu anayeivunja. Majirani waliingia. Mkubwa wa mtaa aliitwa. Mama Zaina alisema hajapigwa. Wakamwambia anamwogopa mkwewe, ndiyo maana anamficha. Ramazani alirudi kutoka safari akakuta uamuzi tayari. Sifa alipelekwa Kiwanja kwa mjomba wake anayelima maharagwe huko, na watoto wakabaki. Asha na Issa ni wa ukoo wetu, walisema. Mama anayevunja wazee hatapewa watoto.

Nilikuja kuyajua haya miezi miwili baadaye, Mama Zaina aliporudishwa na maumivu mapya ya mgongo. Aliletwa na Mwamini, akaachwa kwangu wakati Mwamini anatafuta foleni ya malipo. Alikuwa anatembea anakanyaga kitenge chake mwenyewe. Nikamwambia anyanyue ataanguka. Akasema fundi cherehani amekwisha kumpunguzia mara mbili na bado kinaburuta. Hajui vitenge vya siku hizi vina nini. Nilisimama. Niliwahi kumpima kimo kwa ajili ya faili, na ukutani kwangu kulikuwa na rula. Nikamsimamisha. Alikuwa amepungua sentimita sita.

Kisha akaniambia habari za Sifa, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetubu kosa la mwingine. Akasema Issa anaamka akimwita mama yake, na yeye hawezi hata kumbeba. Akasema hakumjua ni nani hospitalini aliyesema mifupa yake ni mizima.

Nilichukua bahasha ya mkono katika zile walizokuja nazo. Pembeni, kwa penseli, kwa mwandiko wangu: arobaini na sita.

Nikafungua droo nikatoa kingazi cha Muzee Kambale. Nikampiga Mama Zaina mkono ule ule kwa hamsini na mbili, kingazi kando yake. Nikamlaza kwa ubavu nikapiga mgongo. Filamu zilipokauka niliziangalia nikiwa nimesimama. Mfupa wa mkono ulikuwa moshi. Haukufikia hata kidato cha pili. Mgongoni pingili tatu zilikuwa zimebonyea, na moja ilikuwa ya zamani.

Nikamwuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kumwuliza. Hedhi yake ilikatika akiwa na miaka arobaini na mbili. Mama yake mzazi aliinama mpaka akawa anaona miguu ya watu tu, akavunjika nyonga, akafa. Familia ilisema ni mke mwenza aliyemroga. Na dawa? Alifungua fundo la kitenge akanionyesha vidonge vidogo vyeupe ndani ya karatasi. Vya magoti, akasema. Vinaondoa maumivu mara moja na vinaleta hamu ya kula. Mwamini anamnunulia sokoni kila mwezi, tangu miaka mitano. Nilivijua. Ni deksa, jamii ya kortizoni. Mnaviona kila mahali, kwenye meza za barabarani, karibu na betri na sabuni. Wasichana wanavimeza wanenepe.

Hapa nitaeleza kidogo, kwa sababu ninyi mtaulizwa na mnapaswa kujibu bila kugugumiza. Mfupa ni kitu hai. Ndani yake kuna chembe zinazobomoa mfupa wa zamani na chembe zinazojenga mpya, mchana na usiku, tangu utotoni. Ujanani wajenzi wanashinda. Karibu na miaka thelathini mfupa umefika kilele chake. Baadaye wanalingana, halafu wabomoaji wanatangulia pole pole. Kwa mwanamke, homoni ya kike ndiyo inayowashikilia wabomoaji mkono. Hedhi ikikatika homoni inashuka, wabomoaji wanaachiwa, na ikikatika mapema wanapata miaka mingi zaidi ya kubomoa. Kortizoni inafanya ubaya mwingine: inawaua wajenzi, na inazuia tumbo kuchukua chokaa, yaani kalsiamu, kutoka kwenye chakula. Mama Zaina alikuwa na wabomoaji walioachiwa na wajenzi waliouawa. Vitabu vinasema mfupa unaweza kupoteza karibu theluthi yake kabla jicho halijaona kitu kwenye filamu ya kawaida. Sisi tulikuwa tunaona, na tukafuta.

Na kuna damu ya ukoo. Hakuna jeni moja inayoleta ugonjwa huu kwa watu wazima. Ni nyingi, kila moja inasukuma kidogo, na zinatoka kwa baba na kwa mama pia. Jeni moja kuharibika ni habari nyingine, ya watoto wachache wanaozaliwa na mifupa ya kuvunjika. Lakini mzazi aliyevunjika nyonga ni alama kubwa kwa watoto wake. Andikeni swali hilo kwenye fomu zenu. Halina gharama.

Nilipeleka filamu kwa daktari kijana aliyekuwa zamu. Alisema bila mashine ya kupima wingi wa madini ya mfupa hawezi kuandika jina la osteoporosi. Mashine ile inalinganisha mfupa wako na wa kijana mzima, na alama yako ikishuka mpaka mbili na nusu chini ya sifuri, jina linaandikwa. Ni mashine nzuri. Miaka yangu yote sikuwahi kuiona Goma. Wenye uwezo walivuka mpaka. Nikamwambia, "Daktari, mtu amevunjika mbavu kwa kukumbatiwa. Unangoja mashine ikuambie nini?"

Akakasirika kidogo, kisha akachukua filamu ya ubavu, akahesabu pingili. Nitamheshimu siku zote kwa kile alichofanya baada ya hapo. Alifungua kitabu chake mbele yangu, akasoma, akakubali kwamba pingili au nyonga ikivunjika kwa kitu kidogo, ugonjwa umejitambulisha wenyewe. Akaagiza damu na mkojo ili kuhakikisha si saratani ya uboho, wala ugonjwa wa figo au wa tezi. Majibu yalipotoka mazuri aliandika jina la ugonjwa, akaandika na vidonge vyeupe kuwa sababu mojawapo, akagonga muhuri. Akasisitiza vidonge visikatwe ghafla, maana mwili uliozoea unaweza kuanguka. Vipunguzwe kwa ratiba yake. Hilo pia lishikeni.

Ijumaa alasiri nilikwenda nyumbani kwa Mama Zaina na filamu zangu na karatasi ya daktari yenye muhuri. Walikuwa wote: Ramazani, Mwamini, wajomba wawili, mkubwa wa mtaa. Nilianza na kosa langu, kwa sababu ningeanza na la mtu mwingine wasingenisikiliza. Niliwaonyesha penseli ya arobaini na sita, nikainua filamu mbili dirishani, nikaeleza jinsi nilivyoupaka mfupa weupe. Mjomba mmoja aliuliza kama hospitali inalipwa kwa kazi kama hiyo. Nilisema ndiyo, tulilipwa.

Kisha nikafika kwenye vidonge. Mwamini alielewa kabla sijamaliza.

"Kwa hiyo ni mimi nilivunja mama?"

"Wewe ulinunua kitu kilichouzwa mezani kama peremende, na hakuna aliyekukataza. Na uliomba neno, mimi nikakupa. Lakini Sifa hakuvunja kitu. Na nikuambie lingine, Mwamini. Bibi yako aliinama, mama yako ameinama. Sifa ametoka tumbo lingine. Anayetakiwa kuchunguza mifupa yake katika nyumba hii ni wewe."

Hapo Mama Zaina, ambaye alikuwa kwenye mkeka na mto mgongoni, aliongea. Hakupandisha sauti.

"Nilisema siku ya kwanza. Hakunipiga. Nilisema mbele yenu bote, na akili yangu iko sawa. Mukasema naogopa. Sasa karatasi imesema, munaamini. Mimi niko na kinywa, karatasi haina."

Nimefanya kazi miaka thelathini na moja na sijawahi kusikia kitu kilichoniaibisha zaidi. Tulimpiga filamu tano. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza mwenye mifupa, akakaa, akangoja jibu.

Ramazani alimpigia Sifa simu usiku ule ule. Sifa alimsikiliza mpaka mwisho, akajibu kwamba waliopeleka maneno kwa miguu wasiyarudishe kwa simu. Aje Mwamini, na aje huyo mama wa radio.

Tukaenda Jumatatu, ndani ya basi la Ramazani, Mwamini kiti cha mbele na mimi nyuma yake na bahasha mapajani. Tukapita Kanyaruchinya, tukapita Rutshuru. Kule Kiwanja tulimkuta Sifa anachambua maharagwe uani kwa mjomba wake. Alikuwa amekonda. Hakusimama kutusalimia, na sikumlaumu.

Mwamini alisema alichokuja kusema. Alikisema vibaya, kwa kukatakata, lakini alikisema, mjomba akisikia na majirani wakiwa wameacha kazi zao. Mimi nikasema langu, nikampa filamu. Sifa aliipindua juu kuelekea anga, akaangalia pingili za mama mkwe wake kwa muda.

"Mama Radio," akasema, "ile siku ulisema mifupa iko muzuri, kulikuwa watu ngapi?"

"Mwamini peke yake."

"Na mutaa muzima ulisikia. Sasa hii nayo utasema kwa watu ngapi?"

Nikamwambia kwa wote nitakaoweza. Ndiyo maana mnasoma haya.

Alirudi nasi siku hiyo hiyo. Asha alimrukia mlangoni. Issa alijificha nyuma ya pazia, akamwangalia kama mgeni, na alichukua siku mbili kabla ya kukubali kubebwa. Siku hizo mbili hakuna filamu inayozionyesha, na sijui nani wa kuzilipa.

Nabaki na hasira, na nataka ninyi muirithi. Mashine zenu za sasa ni za kompyuta. Mnadhani kipimo cha koko kimekufa pamoja na daftari letu. Kimehamia ndani ya mashine: kompyuta inachukua kila picha yenye giza na kuing'arisha yenyewe, bila kukuuliza, ili daktari aone mfupa maridadi. Msiamini weupe. Angalieni umbo la pingili, ombeni picha ya ubavu. Pimeni kimo. Ulizeni mama aliinama, hedhi ilikatika lini, vidonge gani viko kwenye fundo la kitenge. Waambieni watu wale sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, nzima na miiba yake, na akina mama wanaokaa ndani ya duka tangu asubuhi watoke juani kidogo. Na mkisikia mtu mwingine anataja uzee, mwombeni aonyeshe uzee uko pingili ya ngapi.

Mama Zaina alipata dawa za mifupa baada ya kuzitafuta sana, vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki, tumbo tupu, ukiwa umekaa wima. Hakuvunjika tena mpaka nilipostaafu.

Lakini ile jioni ya kurudi kutoka Kiwanja, beseni lilikuwa tayari uani na maji yalikuwa ya vuguvugu. Mama Zaina aliita, "Sifa, njoo uniogeshe, nimekungoja miezi mbili." Sifa alikwenda mpaka kwenye beseni. Alinyoosha mikono, akaitazama, akairudisha kifuani. Nikamweleza namna ya kumshika, chini ya makalio na mikononi, bila kubana kifua. Akanisikiliza vizuri. Kisha akamgeukia wifi yake.

"Mwamini, umesikia? Basi wewe ndiye utamuogesha. Leo na kesho na siku zote. Mimi nitasimama hapa mulangoni nikuangalie mikono."

Mwamini alivua bangili zake moja moja, akaziweka dirishani, akainama.